Chumba cha Bukari

Siku ya kuniaga, ninyi wauguzi wenzangu, mlinipa kiti chenye maua ya plastiki, mkanipa Fanta na kipaza sauti, mkasema, "Papa Prosper, tuambie neno." Nikasema asante, nikakaa. Baadaye nilisikia mlidhani ni unyenyekevu. Haukuwa unyenyekevu hata kidogo. Goti lilikuwa linaniuma na muziki wenu ulikuwa wa kupasua masikio. Sasa goti limetulia, na mke wangu amechoka kuniona nikizunguka uani nikihamisha ndoo zake, ameniambia nitafute kazi ya kukaa. Basi naandika. Naandika Kiswahili cha kanisani, kile tulichofundishwa na mapadri, ili hata mtu wa mbali akikiokota asihangaike. Lakini watu nitawaacha waseme kama tunavyosema hapa Lubumbashi, maana nikianza kuwasahihisha watakuwa watu wengine.

Vyeo sitavitaja. Mshahara ndiyo kabisa, tusiharibiane siku.

Babu yangu alishuka kutoka kaskazini kuja kufanya kazi ya reli, baba akafanya reli, na mimi nilipochagua uuguzi baba aliniuliza kama nina ugonjwa ninaomficha. Kwake kazi ilikuwa kitu cha chuma. Nilivaa blouse nyeupe, lile koti la wauguzi, nikaenda hospitali, nikapelekwa pavillon ya wanaume, yaani wodi yao, kwa Maman Feza.

Maman Feza alikuwa muuguzi mkuu wa pale, mwanamke mfupi, mwenye sauti ya kuita watu kutoka ng'ambo ya barabara. Hakuniuliza jina. Alisema, "Onyesha mikono." Nikaonyesha. "Kata makucha, kisha urudie." Niliporudi alinikalisha karibu na mzee aliyepooza upande wa kulia baada ya mshipa wa damu kupasuka kichwani, akanipa sahani ya bukari na samaki, akaenda zake. Bukari ndiyo ninyi wengine mnaiita ugali. Nilimlisha yule mzee vizuri, tonge kwa tonge, nikamfuta mdomo, sahani ikabaki safi. Nilijiona muuguzi kamili. Maman Feza akarudi, akaangalia sahani.

"Unamaliza?"

"Ndiyo, Maman."

"Unamwibia uyu papa. Mukono yake itajifunza lini?"

Nilikasirika. Nilimlisha mtu, naitwa mwizi! Lakini kesho yake alinipeleka nyuma ya pavillon, kwenye chumba kilichokuwa zamani cha vitanda vibovu, na pale nikaona kazi yake.

Ndani kulikuwa na benchi, meza ndefu, na mbabula, lile jiko letu la makaa. Kila asubuhi Maman Feza alisonga sufuria ya bukari. Akishaipima joto kwa kiwiko, aliwakalisha wagonjwa mezani, akafunga mkono mzima wa kila mmoja kifuani kwa kitambaa, na ule mkono uliolala akauingiza katika bukari ya uvuguvugu. "Kanda!" Mkono usingekanda. "Kanda, papa, bukari haiumi!" Juma la kwanza bukari ilikuwa kwenye meza, kwenye nywele, kwenye blouse yangu. Kisha kidole kimoja kinashtuka. Kisha kiganja kinafunga. Baada ya hapo mtu anaanza kufanya tonge, anatia shimo kwa dole gumba, anachovya mchuzi, analifikisha mdomoni. Walipoweza hilo walienda kwenye kukamua kitambaa, halafu vifungo vya shati. Pavillon nzima ilikiita chumba cha bukari, na wagonjwa wa tumbo walilalamika kwamba wao hawaalikwi.

Alikuwa na sheria moja ngumu: garde-malade wanabaki nje. Mnajua hospitali zetu, mgonjwa haji peke yake. Anakuja na binti, mpwa, mke, mtu wa kulala chini ya kitanda chake, kumpikia, kumfulia na kumwosha. Hao Maman Feza aliwafungia mlango. Alisema wakimwona baba yao anahangaika na tonge, hawatavumilia, watamnyang'anya na kumlisha. Ni kweli, nilishawaona. Binti mmoja aligonga mlango huku akilia, "Banatesa papa yangu mule ndani!" Maman Feza akamjibu kwa dirisha, "Endelea kulia, mama, shiye tunaendelea kukanda." Tulicheka siku ile hata yule baba mwenyewe, kwa nusu ya uso aliyokuwa nayo.

Miaka ikaenda. Mimi nilipelekwa shule ya juu ya afya, nikajifunza utafiti: namna ya kulinganisha makundi mawili ya wagonjwa, namna ya kuuliza swali lisilomsukuma mtu kwenye jibu. Nilirudi na maneno mengi ya Kifaransa na tai. Maman Feza aliniangalia ile tai kwa muda, akasema, "Vile unajua kupima, pima chumba yangu."

Kumbukeni hilo, ni yeye aliyeomba. Hakuna aliyemtilia shaka. Alitaka chumba kama chake kiwe katika kila hospitali ya Katanga, na alijua bila vipimo watamwambia ni mambo ya jikoni.

Tulianza na nguvu ya mkono. Kifaa cha kupimia hatukuwa nacho, hivyo tulitumia cha presha: unakunja kile kitambaa chake mpaka kiwe kama mkate mdogo, unakijaza hewa kidogo, unamwambia mgonjwa akibane, unaangalia sindano ya kuonyesha namba inapanda mpaka wapi. Jaribuni, ni kipimo kizuri na hakihitaji umeme. Sindano ilipanda. Wagonjwa wa chumba cha bukari walibana vizuri kuliko wale wa pavillon nyingine waliopata uangalizi wa kawaida tu. Maman Feza alitembea wiki nzima kama mtu aliyeolewa upya.

Tukampelekea matokeo Docteur Valentin, mkuu wa service, yaani idara yetu. Watu wanaweza kutarajia hapa niwaletee daktari mwenye kiburi. Hapana, alikuwa mtu mwema, mtoto wa familia ya Kasai ya wafanyabiashara wa vitambaa, na alikuwa na adabu ya mizani: neno halipokei mpaka limepimwa, lakini likishapimwa analitetea mbele ya yeyote. Alikipenda chumba chetu. Alisoma, akavua miwani.

"Ni muzuri," alisema. "Lakini kubana kitambaa haiko maisha. Miye nataka kujua, kisha miezi, ku nyumba yake, uyu muntu anafanya nini? Anakula mwenyewe? Anaoga? Anavaa? Kama njo vile, tutakuwa na neno ya kusema."

Alisema kweli, na ningesema vile vile hata leo. Afya ya mtu haiko kwenye sindano, iko nyumbani kwake. Tuliketi sisi watatu, tukaandika maswali. Maman Feza aliyasoma yote kwa sauti, akayakubali.

Kisha nikaanza kutembea mji. Kamalondo, Katuba, Karavia kwenye nyumba za bustani, Luano ambako kila nikifungua mdomo ndege inapita na mama mwenye nyumba anasema "Nini?" Niliingia nyumba za makundi yote mawili, waliopita chumba cha bukari na wasiopita. Kila mahali nilipokelewa kwa heshima, "Infirmier" huku, "Infirmier" kule, yaani muuguzi. Kiti kinafutwa, soda inatumwa, mzee analetwa sebuleni na shati lililopigwa pasi. Familia nzima inakaa. Mimi nauliza.

Nyumba ninayoiona mpaka leo ni ya Papa Simon, Kamalondo. Alikuwa fundi wa treni kama baba yangu, na kwa ajili hiyo nilikuwa nampenda kuliko nilivyoruhusiwa. Ndani ya chumba chetu alikuwa hodari kuliko wote. Siku ya kutoka hospitali alinisimamisha, akanifunga vifungo vya blouse yangu mwenyewe, kimoja kimoja, kwa mkono ule ule wa ugonjwa, akasema, "Sasa uko muntu." Miezi baadaye niko sebuleni kwake, na anayejibu ni binti yake mkubwa, Georgette.

"Papa anakula mwenyewe?"

"Mwenyewe?" Georgette alicheka, halafu kicheko kikakauka. "Infirmier, batoto tuko hapa, yee akule mwenyewe? Shiye ni banyama?"

"Na kuoga?"

"Kaka yangu njo anamuogesha. Kila siku, na maji ya moto. Ulizeni majirani!"

"Na nguo?"

"Miye. Ata soksi ni miye."

Nikamgeukia Papa Simon. Nilifundishwa kumgeukia mgonjwa, nikamgeukia. "Papa, ni vile?"

"Batoto bangu banafanya muzuri," akasema. "Mungu abariki bo."

Nikaandika: hapana, hapana, hapana. Nikanywa soda yangu, nikaenda nyumba inayofuata, na huko nako hivyo hivyo. Hata Karavia, ambako walikuwa na mtumishi, mtumishi alisimamishwa mbele yangu athibitishe kwamba muzee hagusi kitu.

Tulipojumlisha, makundi mawili yalikuwa sawa. Waliopita chumba cha bukari walikuwa nyumbani kama wale wasiopita: wanalishwa, wanaogeshwa, wanavalishwa. Docteur Valentin hakufurahi. Alirudia hesabu mwenyewe, akampa mwingine airudie. Kisha akatuita. Alisema nguvu inarudi mkononi lakini haiendi nyumbani, na kama haiendi nyumbani basi tunawachosha wagonjwa bure. Alisema kwa upole sana, na ndiyo maana hatukuwa hata na mtu wa kumkasirikia.

Mimi nilijaribu kubisha. Maman Feza akaniweka mkono begani.

"Nani alisema tupime? Ni miye. Basi. Tulipima."

Alisugua sufuria, akabeba mbabula yake nyumbani, na chumba kikarudi kuwa stoo. Hakulalamika kwa mtu. Lakini ile sauti ya ng'ambo ya barabara ilipungua, na mara nyingi nilimkuta anampa dawa mgonjwa wa kupooza bila kumwangalia mkono. Mwaka wake wa kustaafu ulipofika alihamia Lukafu, kwenye mashamba ya marehemu mume wake. Aliniambia akiniaga, "Mahindi, ukilima, unaona." Nilisikia uchungu katika sauti yake, lakini nilidhani ni uchungu wa kuzeeka.

Nami nikaendelea. Ninyi mmenijua tangu hapo: Papa Échelle, mzee wa kupima kila kitu. Nilipima vidonda vya mgongo, nilipima maumivu ya akina mama baada ya upasuaji, nilipima kama kugeuzwa kitandani kunasaidia mapafu. Baadhi ya yale mnafanya leo yalitoka huko, na siyaonei haya. Wagonjwa wa kupooza tuliwageuza, tuliwakausha, tukawarudisha nyumbani na mkono umejikunja kifuani. Kulikuwa na mama mshonaji wa Katuba, mkono wake wa mkasi ndio uliolala. Aliniuliza, "Infirmier, hakuna kintu ya kufanya na huu mukono?" Nikamwambia, "Uvumilivu, mama." Nilimwambia bila wasiwasi wowote, kwa sababu tulikuwa tumepima.

Nilirudisha funguo wiki ile mliyoniaga. Yanayofuata nimeyajua baada ya hapo, ndiyo sababu nayaandika badala ya kuja kuyasema ofisini kwa ukali kama nilivyozoea.

Jambo la kwanza nililofanya katika ustaafu lilikuwa kwenda Lukafu. Nilikuwa nimeahidi miaka mingi, na kila mwaka kulikuwa na kazi. Nilimkuta Maman Feza amekaa barazani, kitenge kimefunika mapaja na mkono wa kulia, mdomo umevutwa kidogo upande mmoja. Sikuhitaji kuambiwa. Ulikuwa umempata mwaka uliopita, ugonjwa ule ule, na hakuna aliyetuletea habari.

"Usifanye uso ya matanga," alisema. "Niko muzima. Kaa."

Anaishi na Monique, mke wa mwanawe, mwanamke mtaratibu, wa kusema chini. Maman alikuwa ameoga, amesukwa, nguo inanukia sabuni. Jirani aliyepita alisimama makusudi kuniambia kwamba mukwe kama huyu hapatikani tena. Saa ya kula Monique alileta bukari, mboga ya lengalenga na samaki, akanawa, akaketi karibu na Maman, akaanza kumlisha. Alipoza kila tonge. Maman Feza alifungua mdomo, akatafuna, akafungua tena. Mimi niliangalia sahani yangu. Nilikuwa nafikiri: hata yeye, hata yeye mkono haukurudi. Basi tulipima sawa.

Mtu akaita kutoka barabarani, Monique akaenda. Maman Feza alimfuata kwa macho mpaka akapinda kona. Halafu akatoa mkono wa kulia chini ya kitenge, akakata bukari, akaifinyanga, akatia shimo kwa dole gumba, akachovya mchuzi, akala. Akakata nyingine.

Nilibaki na tonge langu hewani. "Maman! Unaweza!"

"Sema pole pole! Naweza. Kama benyewe banaenda mu mashamba, mi niko nakanda. Utafikiri nilisahabu kazi yangu?"

"Sasa juu ya nini unaacha Monique akulishe?"

"We Prosper, uko muntu ya hapa ao ya Ulaya? Nikikula mwenyewe, bantu batasema nini? Batasema Monique anachoka mama-mukwe wake. Yee ni mwana muzuri. Nimuharibishie jina juu ya..."

Hakumaliza. Alikuwa anaongea nami kwa ile sauti ya kumsomesha stagiaire, mwanafunzi wa mazoezi, ikakatika. Aliangalia mkono wake mwenyewe, ukiwa na bukari kwenye vidole. Nami nikauangalia. Nadhani jibu lilitufikia pamoja.

"Prosper."

"Maman."

"Papa Simon. Uliuliza nani?"

"Binti yake. Na yeye mwenyewe."

"Yee alisema nini?"

"Alisema batoto banafanya muzuri."

Alifumba macho.

"Tuliuliza kama anakula," nikasema. "Hatukuuliza kama anaweza."

"Acha maswali yako!" Sauti ya zamani ilimrudia, nikashtuka. "Maswali ni kintu ya kidogo. Miye nilibafungia inje. Kila siku nilifunga mulango, nilibaacha banalia inje. Hakuna mutoto ata moja aliona papa yake anakula. Sasa bangejua namna gani? Na yee muzee angebaambia namna gani, 'muniache, naweza'? Ni kama kubafukuza."

Alianza kulia. Sikuwa nimewahi kumwona akilia, hata siku ya mazishi ya mumewe. Nami nililia, mzee mzima, barazani kwa watu. Ningekuwa nilifanya uzembe ningetubu, padri angenipa sala zangu, ningelala. Lakini tulifanya kila kitu kama inavyotakiwa. Tulikuwa waaminifu, tulikuwa makini, na kwa uangalifu wetu wote tuliua kitu kilichokuwa hai.

"Chumba iko na nini sasa?" akauliza.

"Matela. Magodoro ya kupasuka."

"Na bagonjwa bale balikuja nyuma?"

Nilimkumbuka mama mshonaji wa Katuba, niliyemwambia avumilie.

Tukasikia Monique anarudi. Nilitegemea Maman afiche mkono. Hakuuficha. Alijifuta machozi, akasema, "Leo anaona. Angalau uyu moja aone." Na Monique alipopanda barazani, Maman Feza alikata bukari mbele yake, akafanya tonge zuri, akalichovya, akalipeleka mdomoni bila kutetemeka. Nilifurahi kama mjinga. Kwa muda ule mfupi niliona kama mlango umefunguka, watoto wote wa Lubumbashi wameingia, wanaangalia.

Monique hakucheka. Hakusema "Mungu mkubwa." Alisimama na jagi la maji, akaniangalia mimi, mgeni, akaangalia ile sahani. Akaweka jagi chini, akapiga magoti.

"Maman, nilikukosea nini?"

"Hapana, mwanangu, hapana. Ni furaha, angalia, mukono..."

"Kama chakula ilikuwa moto, ungeniambia. Kama nilichelewa ku barabara, ungeniita. Mbele ya mugeni, Maman?" Machozi yalikuwa yanamshuka na hakuyafuta. "Miye niko nakuchunga na roho yangu yote."

Maman Feza alikuwa ameshika tonge lingine. Alinitazama, akitafuta kama nina neno la kumsaidia, mimi niliyesomea maneno. Akalirudisha tonge kwenye sahani, akaurudisha mkono chini ya kitenge.

"Unisamehe, mama," akamwambia Monique. "Ilikuwa njaa tu. Kuya, unilishe."

Monique akanawa mikono, akaketi karibu naye, akapoza tonge. Maman Feza akafungua mdomo.